Chafya Iliyobatilishwa

Jumamosi, tarehe saba Machi, asubuhi, nilikuwa kwenye meza ya jikoni kwetu Nakuru nikisahihisha tafsiri za wanafunzi wangu. Nafundisha Kiswahili katika chuo cha walimu, na wiki hiyo nilikuwa nimewapa kifungu cha habari kilichojaa kitenzi kimoja cha Kiingereza, "quash". Katika kifungu hicho jaji alikitumia kwa hukumu, waziri kwa uvumi, jeshi kwa maasi, na bodi kwa uteuzi wa meneja. Nilitaka kuona watakavyojitoa. Wengi walishika neno moja, kubatilisha, wakalipaka kila mahali kama chokaa: uvumi ukabatilishwa, maasi yakabatilishwa. Wachache walihisi kasoro. Kwetu uvumi huzimwa, maasi hukandamizwa, hukumu hubatilishwa, uteuzi hutenguliwa, posa huvunjwa. Kiswahili kinakulazimisha ukitazame kitu kwanza, ujue kama ni moto au ni fundo au ni maandishi, ndipo uchague namna ya kukiondoa. Kiingereza humpa mwenye nguvu neno moja la kazi zote, naye hana haja ya kutazama.

Nilikuwa nikiyaandika hayo pembezoni mwa karatasi ya mwanafunzi mmoja, kwa wino mwekundu na kwa ukali ambao hakuustahili, mwanangu alipopiga simu.

"Mathe, leo ndiyo ile siku," alisema. "Baba mkubwa amesema saa sita tuwe tumefika."

Baba mkubwa huyo ni kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Ndiye aliyebaki na shamba la baba yao huko juu ya Molo, kwenye baridi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa bodi ya shule ya jirani. Kabla ya hayo alikuwa karani wa mahakama, akinakili maamuzi ya watu wengine maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu aliyaacha mafaili yote ofisini, akaondoka na kitenzi. Simjui mtu mwingine anayelitumia lile neno la Kiingereza akiongea Kiswahili, Kikipsigis, na hata akiomba dua. Mwalimu mkuu aliporuhusu msichana mjamzito afanyie mtihani darasani pamoja na wenzake, shemeji aliketi na bodi na kutangaza, "Hiyo tumekwoshi." Binti yake mwenyewe alipochumbiwa na kijana wa kuendesha lori la viazi, akasema hivyo hivyo mbele ya wageni, sufuria za chai zikiwa bado motoni. Kila mara alisema "tumekwoshi", kwa wingi, ingawa hapakuwa na mtu wa pili.

Lazima nieleze siku yenyewe ilikuwa ya nini. Mwanangu na mkewe walikuwa wamepata mtoto wao wa kwanza, msichana, nami nimekuwa nyanya. Kwa Wakipsigis wa ukoo wa mume wangu, mtoto mchanga hutafutiwa yule aliyerudi kupitia kwake. Wanawake huketi ndani na mtoto, na mkubwa wao huwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja kwa majina. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake. Huyo amekuja. Jina hilo haliandikwi popote. Hukaa vinywani mwa watu wa nyumbani, nalo ndilo mtu huitwa na wanaompenda. Mimi nilizaliwa Nakuru katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa wazazi waliotoka magharibi, na kwetu mfu anayetaka jina huja ndotoni. Nilipoolewa niliona mambo ya chafya kuwa mchezo. Kisha nikazaa, nikaona uso wa mwanangu jina lilipomfikia, na tangu hapo sikucheka tena.

Zamani chafya ilisaidiwa kwa ugoro kidogo, harufu ya mbali tu kwenye ncha ya kidole cha bibi. Miaka miwili kabla ya siku hiyo shemeji aliupeleka ugoro mbele ya wazee wa kanisa, akasema tumbaku ni tumbaku hata ikiwa ya mila, nao ukakwoshiwa. Kwa hiyo tangu wakati huo wanawake wa Molo huita majina na kungoja pua ya mtoto ijiamulie.

Tulipofika ukungu ulikuwa haujatoka shambani. Wanaume waliketi nje kando ya tangi la maji na chai yao. Sisi tuliingia jikoni, moto ukiwaka. Mkwe wangu, binti wa wakulima wa kahawa wa Subukia, mpole, mwenye sauti ya chini, alimpakata mtoto. Anayeita majina ni shangazi wa mume wangu, dada mdogo wa marehemu baba mkwe, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani bibi. Ana meno machache na mdomo usio na breki. Alinitazama nikihangaika kupata kigoda kisichoyumba.

"Mtoto wa reli," akasema, "keti chini kabla treni haijaondoka."

Wanawake wakacheka. Akaanza.

Alimwita dada yake mkubwa, aliyezaa watoto wengi na kuwazika wachache. Mtoto akapiga miayo. Akamwita mama yake mzazi. Akamwita yule aliyekuwa na sauti ya kusikika mpaka bonde la pili, na yule aliyeumwa na nyoka akaishi, na yule aliyewalea mayatima. Kila jina alilisema kwa upole, akiinamia uso wa mtoto, kama mtu anayebisha hodi penye mgonjwa. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka. Chai ililetwa ikanywewa. Kogo alianza kuwarudia. Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba kungekuwa na ugoro tungekuwa tumeshamaliza, na Kogo akamjibu kwamba ugoro uko, ila umeokoka. Tulicheka tena, lakini alikuwa amechoka na sauti imeanza kukwaruza. Wafu wake walikuwa wamekwisha.

Hapo ndipo ulimi wake ulipomponyoka. Nilimwona akifumba macho, akitafuta, kisha akalitaja jina ambalo sikuwa nimelisikia likitamkwa katika boma lile tangu niolewe. Alilitaja la mama mkwe wangu.

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya kubwa, ya mwili mzima, mpaka miguu ikaruka. Kisha mwanamke mmoja, asiyejua au asiyejali, akapiga kigelegele, na wengine wakafuata.

Mama mkwe wangu nilimjua kabla sijamjua mume wangu. Aliishi katika chumba cha nyuma ya nyumba yetu ya reli, ambacho wazazi wangu walimpangisha, akiuza maziwa lala aliyoyagandisha katika vibuyu vilivyosuguliwa mkaa. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Wakati wa likizo alinituma mkaa na kunilipa kwa kikombe cha maziwa, na alinifundisha kukiosha kibuyu kwa ufito bila kukipasua. Hakusema alikotoka. Nilikuwa mwanachuo siku kijana mmoja alipofika mlangoni kwetu akiuliza kama hapo panaishi mama fulani, na nikamwona mama yule akiacha kibuyu kianguke. Kijana huyo alikuwa mwanawe mdogo, aliyeachwa akiwa hajajua kutembea. Ndiye mume wangu. Mwanawe mkubwa hakuja kamwe. Mama huyo alipofariki, mwaka wa pili wa ndoa yetu, mume wangu alikwenda Molo kuomba azikwe kwenye shamba, na kaka yake alimwambia kwamba huyo hakuwa wa boma hilo. Tulimzika kwenye makaburi ya mji hapa Nakuru. Jina lake, lililokuwa tayari halitajwi pale, kuanzia siku hiyo likakatazwa kabisa. Picha ya arusi ya baba mkwe iliondolewa ukutani ikarudi imekatwa nusu, yeye peke yake, na kwenye bega lake vidole vitatu vya mtu asiyeonekana.

Kwa hiyo vigelegele viliponyamaza na kivuli cha shemeji kikaziba mlango, nilijua tutakachosikia.

"Nani amekuja?" akauliza.

Kogo ndiye aliyelitaja, wazi, bila kutetemeka, kama mtu ambaye ameshavunja chungu na haoni sababu ya kuficha vigae.

"Hapana," shemeji akasema. "Hiyo tumekwoshi. Rudieni."

"Wewe kijana," Kogo alimwambia, na kijana huyo ana zaidi ya miaka sabini, "umewahi kuona chafya ikirudi puani?"

Wanawake waliinamisha nyuso wasionekane wakicheka. Yeye hakucheka. Alisema jina hilo halikuwa kwenye majina ya kuitwa, kwamba mwitaji alikosea, na tendo lililoanza kwa kosa halina nguvu. Alizungumza taratibu, kwa sauti yake ya kortini. Akaagiza tuanze upya, na akabaki pale mlangoni, jambo ambalo mwanamume hafanyi. Nilimtazama mwanangu nyuma yake. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Kogo alianza upya. Mtoto, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha, alilala. Shemeji mwenyewe ndiye aliyependekeza jina la mwisho, la dada ya babu yao, mwanamke wa kwanza kubatizwa upande ule wa msitu. Kogo alilisema kama anayesoma kibao cha barabarani. Hakuna kilichotokea. Akalisema tena. Mtoto akashikwa na kwikwi.

"Inatosha," shemeji akasema. "Huyo amekuja."

Kogo aliuliza kama siku hizi kwikwi pia ni chafya. Shemeji alimjibu kwamba ishara ni ishara. Siku hiyo kwikwi ilipandishwa cheo. Wanawake walipiga vigelegele vya adabu, tukala, tukapewa viazi vya kubeba.

Tuliteremka mpaka kwenye joto la bonde. Kisha mume wangu aliniambia niache, hayo ni mambo ya wazee. Nilimwambia kwamba mimi na yeye ndio wazee sasa, na kwamba aliyefukuzwa jikoni leo ni mama yake. Alisema anajua ni mama yake. Mume wangu si mwoga. Ila alilelewa na kaka yake, alisomeshwa naye, alivishwa viatu vyake vya kwanza naye, na mtu wa namna hiyo huona kumpinga mlezi wake ni kama kumtemea mate. Nalielewa hilo, na nilimkasirikia hata hivyo.

Jioni ile niliandika kwenye kundi la familia la simu. Niliwashukuru wote, nikampongeza mkwe wangu, na nikamtaja mjukuu kwa jina alilolipigia chafya. Shemeji ndiye msimamizi wa kundi. Ujumbe wangu haukudumu hata muda wa kuchemsha maziwa. Uliondolewa, na chini yake akaweka picha ya machweo na maneno ya baraka. Niliandika tena asubuhi. Ukaondolewa tena. Watu wa kundi hilo, shemeji zangu, wapwa, wake zao, waliendelea kupeana habari za bei ya viazi na mvua iliyochelewa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Hapo nilianza kuelewa jinsi kitenzi kile kinavyofanya kazi nyumbani. Mtu mmoja hukitamka, na wengine wote hukitekeleza kwa kutosema kitu.

Baada ya wiki mbili mume wangu alijaribu kutupatanisha. Kaka yake alikuwa akirudi kutoka Nairobi kwa daktari wa macho, wakakubaliana tukutane njiani, kwenye vibanda vya nyama vya Kikopey, tule, tuzungumze kama watu. Tulikaa kwenye meza ya nje, moshi ukitujia usoni, nyama ikakatwa mbele yetu juu ya ubao. Shemeji alikuwa na miwani mipya nyeusi. Alinichagulia mbavu, akanisogezea chumvi, akaniuliza habari za chuo. Ana ukarimu, sitamnyima hilo. Mume wangu alipoinuka kwenda bombani kunawa, mimi niliona sina muda wa kuzunguka. Nilimwuliza kwa nini mama yake hawezi hata kupita puani mwa mtoto.

Alitafuna akamaliza.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulimjua akiwa na maziwa ya kukupa. Mimi nilichobaki nacho ni mgongo wake. Nilisimama getini mpaka ukapotea."

Nilimwambia kwamba mgongo huo ulikuwa na mkono uliovunjwa na mumewe.

"Najua. Nilikuwa ndani. Nilisikia ukivunjika." Akafuta vidole kimoja kimoja. "Alirudi kesho yake akachukua vibuyu vyake. Vibuyu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale."

Wasomaji wengine watatarajia niseme kwamba moyo wangu ulilegea. Haukulegea. Niliona kijana aliyeachwa, nikamwonea huruma kijana huyo, na mzee aliyekuwa mbele yangu nikaendelea kumchukia kwa kumtumia kijana yule kama askari wa mlango. Nilimwambia jambo ambalo nililiamini na bado naliamini.

"Basi mkasirikie kwa jina lake," nilisema. "Mtaje, halafu umkasirikie."

"Hayo tulishayakwoshi," alijibu, akapaza sauti kumwita mhudumu alete ugali zaidi.

Mume wangu alirudi akipangusa mikono, akauliza tumefika wapi. Shemeji alisema tumefika pazuri. Kisha akatutangazia kwamba ubatizo ameshaupanga, Molo, kanisani kwake, mtoto ataitwa kwa jina la kwikwi mbele ya ushirika wote, na kondoo ameshatengwa. Jina la kale halitangazwi kanisani kwa kawaida. Alitaka litangazwe ili lisiwahi kubishaniwa.

Nilirudi Nakuru nikiwa nimebeba hasira kama mtu aliyebeba uji wa moto, asiyethubutu kujikwaa. Kwa siku kadhaa niliwatafsiria wanafunzi wangu mfano juu ya mfano, nikiwaonyesha kwamba jaji anapobatilisha hukumu, hukumu huwa ilikuwepo. Ndiyo maana anahangaika nayo. Huwezi kuzima moto ambao haukuwaka. Shemeji alikuwa amenipa ushahidi wangu mwenyewe na hakujua. Kwa miaka yote hiyo mtu aliyekuwa akimkumbuka mama yule kwa bidii kuliko mimi, kuliko mume wangu, alikuwa yeye.

Lakini mtoto hakuwa wangu. Nilikwenda nyumbani kwa mwanangu, vyumba viwili walivyopanga upande wa chini wa mji, nikamkuta mkwe wangu akimwogesha mtoto kwenye karai, mwanangu ameketi kitandani na taulo. Nilikuwa nimejiambia sitasema kitu, na nikasema. Mwanangu alinisikiliza kwa subira ya watu wanaongoja mvua ipite.

"Mathe, wacha tu," akasema. "Ni jina. Kwanza mtoto mwenyewe hajui."

Mkewe hakuinua kichwa. Alikuwa akimmwagia mtoto maji ya kiganja shingoni.

"Kama ni jina tu," akasema, "mbona baba mkubwa anapigana hivyo?"

Mumewe alimwambia kwamba baba mkubwa ndiye aliyemlipia karo, ndiye aliyesimamia arusi yao, na watu wote wa Molo watasema mke wa Subukia amewavunjia boma. Mkwe wangu alimtoa mtoto majini, akamlaza kwenye taulo, akamfunika mpaka kidevuni. Tangu aolewe hajawahi kuongea mbele yangu zaidi ya lililohitajika, na sikutegemea kwamba angeongea siku hiyo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika," alisema. "Nyinyi mlisikia chafya. Mimi nilisikia kifua chake kikijaa jina lilipotoka tu. Kwa yale mengine yote alikuwa analala." Akamwangalia mumewe. "Simpeleki Molo kuitwa mtu mwingine. Ukitaka nenda wewe na huyo kondoo."

Mwanangu alicheka, bila kutaka, na kicheko kilipokwisha aliukunja mkono juu ya macho. Kisha akauliza nani atamwambia mzee. Mkwe wangu alisema yeye hawezi, akisikia sauti ile hukosa maneno. Mwanangu alisema akimpigia simu atajikuta amekubali kabla hajamaliza salamu. Mume wangu hakuwepo, na hakuna aliyependekeza atumwe yeye.

Niliamua kuandika. Simu anaweza kuikata, na ujumbe wa kundi anaweza kuuondoa kwa kidole kimoja. Karatasi ingembidi aichane kwa mikono yake na kuwaeleza watu wa nyumbani kwake anachana nini. Nilimsomea mume wangu barua hiyo kabla ya kuifunga, ila mistari ya mambo ya Kikopey niliiruka. Aliomba nibadilishe mstari mmoja, nikakataa; akaomba niisome tena, nikasoma, naye akachukua kalamu akaandika anwani juu ya bahasha kwa mwandiko wake, ili kaka yake auone. Niliikabidhi kwa dereva wa gari la Molo, pamoja na vifurushi vya watu. Iliandikwa hivi:

*Shemeji,*

*Nakusalimu. Mtoto hajambo, ananenepa, na mafua aliyotoka nayo Molo yamekwisha.*

*Ubatizo uliopanga huko hautafanyika. Sikuombi uuahirishe, kwa hiyo hakuna ombi la kukataa. Tafadhali mwarifu mchungaji, na huyo kondoo mrudishe malishoni. Mama wa mtoto ndiye aliyeamua, na baba yake amekubali. Nakuandikia mimi kwa sababu wao bado wanakuogopa. Mimi pia nilikuogopa miaka mingi, na sikuona faida yake.*

*Ulifanya kazi mahakamani, na unajua kuliko mimi kwamba lile neno lako lina masharti. Mwenye kubatilisha huwa juu ya aliyeamua. Huwasikiliza wahusika wote. Hutoa sababu mbele ya watu. Mtoto hakuwa chini yako alipopiga chafya. Mama yako hukumsikiliza, akiwa hai wala akiwa kwenye jeneza. Sababu ulinipa Kikopey, na hiyo naiheshimu. Sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wako, na sitamwambia. Ni juu yako kumwambia. Angependa kujua kwamba kuna mtu mwingine aliyemngoja mama yenu.*

*Lakini ugomvi wako na mama yako ni wako na yeye. Humpi mtoto wa miezi miwili akubebee.*

*Jina alilolipigia chafya ndilo tunalomwita, akiamka na akilazwa. Tukija Molo tutamwita hivyo hivyo, mezani kwako, na Kogo atatuitikia. Ukiona huwezi, tuambie tusije. Tutaelewa kwa mara ya kwanza, hutahitaji kurudia.*

*Atabatizwa hapa Nakuru, Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, ibada ya pili. Kogo nitamtumia gari. Mahali pako kwenye benchi la familia papo, kando ya mdogo wako, na sitamketisha mtu mwingine hapo hata kanisa lijae. Mchungaji atauliza jina la mtoto, na atakayejibu ni mama yake. Litatajwa mara moja, kwa sauti. Ukija, litakapotajwa, nyamaza.*

*Ni mimi,*
*mke wa mdogo wako.*